Saa ya James Bond inaweza kweli kukata chuma? Tupige hesabu

Bandugu na badada wa promosheni zote, leo tuache kidogo mambo ya kutafuta kazi na kuandika barua za maombi. Tuongelee filamu. Lakini kila mtu akamate kalamu, juu hesabu zitakuwamo.

Ilianza hivi. Jumamosi moja jioni, umeme ulikuwako (mutuachie hiyo bahati), tulikuwa ku salon ya kaka yangu mkubwa tukiangalia GoldenEye, James Bond ya 1995. Kuna pahali Bond amefungiwa ndani ya behewa la treni la chuma, na bomu inahesabu dakika za mwisho. Anapiga magoti, anaelekeza saa yake ya mkono ku sakafu, mwale wa leza unatoka, anauzungusha, chuma kinakatika, anatoka salama. Mtoto wa kaka, ambaye yuko mwaka wa sita wa sekondari, section ya math-physique, akasema bila kutikisika:

"Baba mudogo, ile saa iko ya kweli. Bazungu beko nayo, banatuficha tu."

Nikamwambia hapana, haiwezekani.

"Unajua aje? Ulishaka iona?"

Hapo nikakwama. Licence ya fizike niko nayo, imelala ndani ya plastiki chini ya kitanda. Mara ngapi nimeandika ku mtihani kwamba kazi ni nguvu mara umbali, nikapata 15 juu ya 20, kiisha nikafunga syllabus? Lakini kijana alikuwa ananiuliza kitu kingine kabisa: mtu anajuaje kwamba kitu hakiwezekani, wakati hajakiona? Nikaomba karatasi.

Tuseme Bond anataka tundu la kupitisha mabega, duara la upana wa sentimita 60. Mzunguko wake ni karibu mita 1.9. Tumsaidie: sakafu ina unene wa milimita 5 tu, na mwale unayeyusha mstari mwembamba wa milimita 1. Chuma cha kuyeyusha kinakuwa gramu 74 hivi. Ni kidogo, kinaenea ku kiganja cha mtoto. Ila chuma kinayeyuka ku digrii 1,538. Kufikisha gramu moja pale kutoka joto la kawaida, kiisha kuiyeyusha, kunakula karibu jouli 1,300. Piga mara 74, unapata jouli 96,000.

Sasa tuangalie betri. Ile betri ya saa, yenye umbo la kifungo cha shati, inabeba jouli 200 hivi. Kwa hiyo Bond anahitaji betri 480, tena zifanye kazi bila kupoteza hata kidogo, jambo ambalo halipo hapa duniani. Betri ya simu ya miliampea-saa 4,000 inabeba jouli 55,000. Leza nzuri ya leo inageuza labda theluthi moja ya umeme kuwa mwanga. Kumbe Bond angehitaji simu sita zilizojaa chaji, azifunge zote ku mkono.

Na bado hatujaongelea joto. Akitaka kumaliza kwa dakika moja, mwale wake lazima utoe wati 1,600. Zile theluthi mbili za umeme ambazo hazikuwa mwanga zinabaki palepale ndani ya chombo: wati 3,200, zaidi ya pasi mbili za umeme zimeshikana na ngozi. Kijana akaangalia mkono wake mwenyewe.

"Angeungua."

"Angeungua mbele ya chuma."

Musinielewe vibaya. Leza ya kukata chuma iko, viwanda vinaitumia kila siku, lakini ni mashine kubwa kama kabati, yenye nyaya nene za umeme na maji ya kuipooza. Hata historia yake ku sinema inachekesha. Ku kitabu cha Goldfinger, cha 1959, Bond anafungwa ku meza na kinachomkaribia ni msumeno wa mviringo, sababu leza ilikuwa bado haijazaliwa. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza California, Mei 1960. Filamu ilipotengenezwa 1964, msumeno ukaonekana kitu cha babu, wakaweka leza. Na ile meza unayoona inakatika? Leza haikuwa na kazi pale. Fundi mmoja alijificha chini ya meza na chalumeau, kama soudeur yeyote wa hapa kwetu, akawa anakata kutoka chini huku Sean Connery amelala juu.

Toka siku ile tukaanza mchezo. Kila Jumamosi filamu moja, na karatasi pembeni. Nilidhani vitu vinavyoonekana vya kichaa njo vitakuwa uongo, na vitu vidogo vidogo njo vitakuwa kweli. Ilikuwa kinyume.

Chukua gari la L'Homme au pistolet d'or, 1974. Bond yuko Thailand, daraja limevunjika, anarukisha gari juu ya mfereji, gari linajizungusha hewani mzunguko mzima kama msumari wa kuzungusha, linatua ku magurudumu upande wa pili. Salon yote ikapiga kelele: uongo! Kijana akaandika "uongo" na kupiga mstari chini yake. Kumbe ile ni kweli tupu. Hakuna kamba, hakuna ujanja wa picha. Wahandisi wa maabara ya Cornell, Marekani, walikuwa na programu ya kompyuta waliyoitengeneza kwa kuchunguza ajali za barabarani. Wakaingiza ndani uzito wa gari, urefu wake, springi zake, wakatafuta mwendo na umbo la ngazi ya kuondokea. Jibu likatoka: karibu kilomita 64 kwa saa. Gari lenyewe, AMC Hornet, likabadilishwa, usukani na kiti vikahamishwa katikati kabisa, ili uzito wa dereva usivutie upande mmoja. Dereva akapita mara moja tu. Mara moja, wakafunga kamera.

Ile inafaa tuitazame vizuri, sababu ndani yake kuna somo lote la mwaka wa kwanza. Likishatoka ku ngazi, gari haliwezi tena kujizungusha lenyewe. Hewani hakuna kitu cha kukanyaga. Mzunguko wote unapaswa kutolewa na ngazi yenyewe, ambayo imepindishwa ili gurudumu la upande mmoja lipande kuliko la upande mwingine. Gari linaondoka tayari linazunguka, na linaendelea vile vile mpaka ligonge kitu. Linakaa hewani chini kidogo ya sekunde moja, kwa hiyo inabidi mzunguko mmoja uishe ndani ya ile sekunde. Ukienda mbio zaidi, linatua likiwa limepitiliza. Ukienda polepole, linatua ku paa. Dereva hakuwa na la kufanya isipokuwa kushika mwendo aliopewa. Kitu kimoja tu kiliharibu ile kazi: watu wa muziki waliweka juu yake mlio wa filimbi ya kuchekesha, kama katuni. Mimi mpaka leo inaniuma.

Ya pili ni ile mashine ya kuruka ya mgongoni, ku Opération Tonnerre ya 1965. Nayo ni ya kweli, iliruka kweli mbele ya kamera pale Château d'Anet, Ufaransa. Kampuni ya Bell ya Marekani njo iliitengeneza. Inatumia eau oxygénée, ile tunayosafishia kidonda, ila kali mara nyingi zaidi. Ikikutana na madini ya fedha inavunjika ghafla kuwa mvuke wa moto na oksijeni, mvuke unasukumwa chini, mtu anapanda. Basi kwa nini hatuendi nayo ku kazi asubuhi, tukwepe msongamano? Juu ya sekunde 21. Njo muda wote inaokaa hewani. Ili kubeba mtu na chombo chake inakula zaidi ya kilo moja ya maji yake kila sekunde. Ukitaka kuruka dakika tano unahitaji kilo zaidi ya 300, lakini hizo kilo 300 nazo zinahitaji kubebwa, na kuzibeba kunahitaji kilo zingine. Hapo unaelewa kwa nini roketi karibu yote ni tenki.

Ku filamu ile ile kuna kifaa kidogo cha kupumulia ndani ya maji, urefu kama kalamu mbili, Bond anakiweka ku meno na anaogelea. Hicho nacho kijana aliandika "kweli", sababu ni kidogo na kina adabu. Tukapiga hesabu: hata vitungi viwili vya sentimita za ujazo 25 kila kimoja, vikijazwa hewa iliyobanwa mara 200, vinatoa lita 10. Mtu anayeogelea kwa nguvu anapumua lita 20 au zaidi kwa dakika. Kwa hiyo ni sekunde 30, na ukishuka mita 10 ndani ya maji inakuwa 15. Inasimuliwa kwamba baada ya filamu kutoka, mtu wa jeshi la Uingereza alipiga simu kuuliza chombo kile kinafanya kazi kwa muda gani. Peter Lamont, mchoraji wa filamu, akamjibu: kwa muda ule unaoweza kuzuia pumzi.

Mwanamke aliyepakwa rangi ya dhahabu ku Goldfinger, akafa eti ngozi haikupata hewa? Hapana. Tunapumua na mapafu. Ngozi ikizibwa kabisa hatari yake ni jasho kukosa njia ya kutoka, mwili unapanda joto, na hiyo haiui mtu aliyelala kitandani usiku mmoja. Saa ya sumaku ku Vivre et laisser mourir? Nguvu ya sumaku inaanguka haraka sana ukisogea mbali, sentimita chache tu na imekwisha. Lakini ku filamu ile ile, ile ya kukimbia juu ya migongo ya mamba, ile ilifanyika. Ross Kananga, mwenye shamba la mamba kule Jamaica, aliifanya mwenyewe, akafaulu mara ya tano. Mara nne za mbele sitaki hata kuzifikiri.

Kisa cha ndege ya GoldenEye kilituchukua jioni nzima. Ndege isiyo na rubani inaanguka kutoka mwamba. Bond anaifuata na pikipiki, anaachia pikipiki hewani, anaikamata ndege, anaingia, anaruka zake. Tuanze bila hewa, kama Galileo alivyotufundisha: vitu vyote vinaanguka sawasawa, kizito na chepesi. Tuseme ndege imemtangulia kwa sekunde moja. Bond akiwa ameanguka sekunde 3, ameshuka mita 45, lakini ndege imeshuka 80. Akiwa ku sekunde 5, yeye yuko ku mita 125, ndege iko ku 180. Umbali kati yao ulikuwa 35, sasa ni 55. Anavyozidi kuanguka njo anavyozidi kuachwa! Kilichobaki kumsaidia ni hewa tu. Mtu akilala bapa anafika karibu kilomita 200 kwa saa na kubaki hapo. Akielekeza kichwa chini anaweza kupita 250. Ila ndege ni nzito, na ku filamu injini yake inaendelea kuzunguka, inaisukuma chini. Nikaandika: haiwezekani.

Na nilikuwa na haki nusu tu. Mwaka 1997 Mfaransa Patrick de Gayardon, akiwa amevaa vazi lenye mabawa ya kitambaa, alitoka ndani ya ndege aina ya Pilatus Porter na kuirudilia hewani, akaingia kwa mlango uleule. Mwaka 2017 Wafaransa wawili waliruka kutoka mlima Jungfrau, Uswisi, wakaingia ndani ya Pilatus Porter iliyokuwa inashuka pembeni yao. Lakini angalia tofauti. Pale rubani yuko ndani, anaishusha ndege kwa mwendo ambao wale watu wanaweza kuufuata. Na mabawa yanampa mtu uwezo wa kupunguza na kuongeza mwendo, kitu ambacho Bond na jaketi lake la ngozi hana. Kijana akanitolea alama: "Baba mudogo, hapa uko na 10 juu ya 20." Nikakubali.

Jumamosi moja akauliza: "Na bajasusi ba kweli, babo banatumikishaka nini?" Hiyo haikuhitaji kwenda mbali. Septemba 1960 mwanakemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alishuka Léopoldville na sumu iliyokusudiwa kwa Patrice Lumumba. Ripoti ya kamati ya Seneti ya Marekani, iliyotoka 1975, inataja vilivyokuja nayo: glavu za mpira, kinyago cha pua na mdomo, sindano. Sumu ilipaswa kuwekwa ku kitu chochote kitakachofika kinywani mwake, chakula au mswaki. Hakuna leza, hakuna saa. Haikutumika, ikatupwa. Lumumba aliuawa kwa risasi huku Katanga tarehe 17 Januari 1961. Kwa vyombo vya majasusi wa kweli, fizike haina pingamizi lolote, na njo maana havipendezi kuangaliwa.

Akanyamaza. Kiisha akasema kitu ambacho kaka na mke wake walikuwa hawajakijua. Ile usiku ya masasi mengi, mwaka uliopita, yeye na rafiki yake walikuwa barabarani wakirudi. Walijificha nyuma ya gari lililosimama, wakainama nyuma ya mlango. "Kama ku filme," akasema. Wakakaa pale karibu nusu saa. Hakuna aliyeumia.

Nikachukua karatasi nyingine, na safari hii mkono ulikuwa mzito.

Risasi ya Kalashnikov ina uzito wa gramu 8 hivi na inatoka ku mtutu na mwendo wa karibu mita 715 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli 2,000. Ni sawa na gunia la kilo 20 lililoangushwa kutoka mita 10, ila nguvu yote imekusanywa ku ncha nyembamba kuliko kidole cha mtoto. Mlango wa gari ni nini? Bati mbili, kila moja haifiki hata milimita moja na nusu, na katikati ni upepo na plastiki ya kioo. Risasi inapita kama vile mlango haupo. Ku filamu Bond anafungua mlango, anajikinga, anapiga. Ku barabara yetu, kama gari ni kitu pekee kilichopo, kinachoweza kusimamisha risasi ni injini na chuma cha gurudumu, basi. Ujilaze chini kabisa upande ule wa mbele.

Kijana aliuliza juu ya wale wanaorushwa nyuma mita mbili wakipigwa. Piga gramu 8 mara 715, kiisha gawanya kwa mtu wa kilo 70: sentimita 8 kwa sekunde. Mtoto anayetambaa anakwenda mbio zaidi. Kama risasi ingeweza kumrusha aliyepigwa, ingemrusha vilevile aliyeshika bunduki, sababu nguvu inasukuma sawa pande zote mbili.

Na ile bunduki ya "pfut", yenye bomba la kunyamazisha? Bomba linapunguza mlio, labda desibeli 30, lakini bastola inaanza karibu na 160. Kinachobaki bado kinaumiza masikio. Zaidi ya hapo, sauti inasafiri mita 340 kwa sekunde. Risasi ya mita 715 inaiacha nyuma, na njiani yenyewe inapasua hewa. Ule mlio mkali wa "taa!" unaosikia kwanza hautoki ku bunduki. Unatoka ku risasi ikipita karibu yako. Mlio wa bunduki, ule mzito, unafuata nyuma. Njo maana usiku kila mtu ndani ya nyumba anaonyesha upande tofauti, na mtu anakimbia akidhani anaikimbia bunduki kumbe anaifuata. Mama ya kijana akasema yeye siku zote alidhani ni bunduki mbili.

Nikaongeza moja ya mwisho, juu ilikuwa inanikera tangu filamu ya kwanza. Mlinzi anapigwa kitako cha bunduki ku kichwa, analala nusu saa, anaamka anajipangusa suruali. Mtu akizimia kwa pigo la kichwa hata kwa dakika moja, ni hospitali, usiku uleule, hata kama ameamka na anasema yuko sawa. Damu inaweza kuwa inavuja polepole ndani ya fuvu.

Kaka yangu hakusema kitu. Alisimama, akaenda chumba cha watoto, ambacho kitanda chake kiko chini ya dirisha linaloangalia barabara. Tukasikia anavuta. Kijana akaenda kumsaidia. Wakatoa matela, wakaileta mu kolidoo ya katikati, pale ambapo kuna kuta mbili kila upande, wakaiweka chini.